Pweza Aliyeujaza Mkoba wa Ngwali

Paukwa!

— Pakawa!

Palikuwa na nini?

— Maji!

Na chini ya maji?

— Mwamba!

Na ndani ya mwamba?

— Hatujui!

Hamjui? Basi sogeeni. Mwenye kiu anywe sasa, mwenye chafya apige sasa, maana tunakokwenda ni kuzama, na aliyezama hana pa kupigia chafya.

Katika kijiji cha Mkiani alikuwepo mwanamke jina lake Siajabu. Siajabu alikuwa mzamiaji. Kila asubuhi alivaa miwani yake ya kuzamia, akajifunga kanga kiunoni juu ya suruali, akaingia baharini kutafuta chaza na kombe. Wenzake walizama, wakaokota, wakapanda. Siajabu alizama, akatazama, akasahau kuokota, akapanda. Watu wakamcheka.

"Siajabu akienda kutafuta kitoweo," walisema, "hurudi na maswali."

Na maswali yenyewe! Kwa nini kaa hutembea upande? Jongoo wa baharini analala saa ngapi? Samaki akilia, nani atajua? Mama yake akachoka, akamwambia, "Mwanangu, maswali hayapikwi."

"Mama," akajibu Siajabu, "umewahi kujaribu?"

Sasa, mwaka huo pweza waliadimika. Waliopatikana walikuwa wadogo, ukiwatia kwenye nazi wanapotea. Wanawake wa Mkiani wakakaa, wakajadiliana, wakakubaliana: mwamba wa Fungu Refu upumzike. Asichokoe mtu shimo, asivue mtu pweza, mpaka bamvua tatu, yale maji makuu ya mwezi, zipite. Mwamba wakamkabidhi Bi Mize auangalie, mama wa makamo mwenye sauti ya kuitia watu kutoka ng'ambo.

Mwamba ukafungwa. Lakini kilichokatazwa ni kuvua. Kutazama hakukukatazwa. Siajabu akaenda kutazama.

Chubwi! Akazama. Chini ya jiwe moja akaona kijishimo, na mbele ya kijishimo magamba ya kaa na makombe matupu yamepangwa kama kibaraza. "Hapa anakaa nani?" Siajabu akajiuliza. "Mbona ameshafagia?" Akatazama jiwe lililoziba mlango. Akalitazama sana. Jiwe likapumua. Kisha jiwe likafumbua jicho.

Halikuwa jiwe. Alikuwa pweza, tena mdogo, ukimkunja anaenea kwenye kata ya kuchotea maji.

Pumzi zikamwishia Siajabu, akapanda. Aliporudi, pweza amejifungia kwa mawe matatu.

Siku ya pili Siajabu akaenda, pweza akabakiza jiwe moja. Siku ya tatu akaenda, pweza akaondoa jiwe, akatoa jicho. Siku ya nne akatoa ncha ya mkono, akaurudisha. Siku ya tano Siajabu akanyoosha kidole, akatulia, asitikisike. Mkono wa pweza ukaja taratibu, tepe, tepe, tepe, ukamzunguka kidole. Vile vikombe vidogo vya mkono vikambusu kimoja kimoja, mpaka mwili ukamsisimka.

"Kidole chako kina ladha ya kitunguu," pweza akasema.

Msishangae. Enzi hizo maji yalikuwa hayajajifunza kumeza maneno.

"Nimekaanga asubuhi," Siajabu akajibu. "Kumbe unaonja kwa mkono?"

"Wewe huonji kwa mkono? Pole sana."

"Hiyo mikono minane, wa kulia ni upi?"

"Ule unaofika kwanza."

"Na moyo unao?"

"Ninayo mitatu."

"Mitatu! Yote ya nini?"

"Miwili ya kazi," pweza akasema, "na mmoja wa wasiwasi."

Siajabu akapanda, akavuta pumzi haraka haraka, akarudi. Maana alikuwa hajapata kupewa majibu mengi hivyo siku moja.

"Wasiwasi wa nini, somo yangu?" akauliza.

Pweza akajisogeza pembeni. Ndani, kwenye dari ya shimo, Siajabu akaona mayai yamening'inia, vishada kwa vishada, meupe kama mpunga uliokobolewa. Na ndani ya kila yai, vidoa viwili vyeusi. Macho.

"Wanangu," pweza akasema. "Nawapepea maji usiku na mchana. Sili, sitoki. Wakishatoka, nimemaliza."

Siajabu akayatazama yale macho madogo, nayo yakamtazama. Siku hiyo alirudi nyumbani mikono mitupu na hakuuliza mtu swali lolote. Mama yake akamshika paji la uso kuona kama ana homa.

Basi, katika kijiji hicho hicho cha Mkiani alikuwepo mzamiaji mwingine, jina lake Ngwali. Ngwali alikuwa na kifua kama mlango wa mbele. Akizama, walio juu waliweza kumenya muwa, wakautafuna, wakatema makapi, ndipo kichwa chake kitokeze. Na tamaa yake ilikuwa pana kuliko kifua. Akipata mmoja hutaka wawili. Akipewa wali huuliza ukoko uko wapi.

Siku ya sita Siajabu yumo majini, anaelea kifudifudi juu ya shimo la somo yake. Mara akasikia pwaa, pwaa, pwaa. Akainua kichwa. Ngwali huyo, anaogelea, mkononi mchokoo wa chuma, na nyuma yake anakokota boya la dumu tupu, na kwenye boya kamba, na kwenye kamba mkoba mkubwa wa gunia.

"Kaka Ngwali," Siajabu akasema, "mwamba umefungwa."

"Umefungwa kwa kufuli gani? Nionyeshe."

"Tulikubaliana sote."

"Mlikubaliana nyinyi. Mimi sikuwepo."

"Mkeo alikuwepo."

"Mke wangu hazamii," Ngwali akasema. Akavuta pumzi, akaenda chini. Chubwi!

Akachokoa shimo la kwanza, akatoa pweza. Akachokoa la pili, akatoa pweza. La tatu, la nne, mpaka mkobani mkawa na pweza wanane, wazima, wanajipindapinda na kutoa wino. Siajabu akaangalia pwani. Mbali! Akisema akimbilie kwa Bi Mize, atakaporudi hakutabaki kitu. Akamwangalia Ngwali. Huyo anaelekea kwenye kibaraza cha makombe.

Siajabu hakufikiri tena. Chubwi! Akazama, akakaa mbele ya mlango wa somo yake, akatandaza mikono. Ngwali akaja, akamsukuma kwa kiwiko kama mtu anayesogeza pazia, na Siajabu akarushwa juu, miwani imejaa maji, anakohoa. Moyo wake ulikuwa mmoja tu, lakini siku hiyo ulifanya kazi ya mitatu.

Akamwaga maji ya miwani, akaivaa, akatia uso majini. Kuzuia hawezi. Basi angalau aone.

Chini kule, Ngwali akautua mkoba wake juu ya mchanga, nyuma ya jiwe, usimzuie. Hakujua, na angejulia wapi, maana hakuwahi kutazama: shimo la pweza lilikuwa na mlango wa nyuma.

"Pweza, toka!" Ngwali akasema.

"Nani?"

"Mimi Ngwali, mwenye kifua."

"Karibu, Bwana Ngwali. Ningetoka, ila naona aibu. Mimi mdogo, sijazi hata bakuli. Mchukue kaka yangu. Yuko kwenye lile jiwe lenye kichwa kama cha ng'ombe. Yule anajaza chungu."

Ngwali akawaza: bakuli na chungu, kipi kikubwa? Akageuka, akaenda kwenye jiwe la kichwa cha ng'ombe. Akachokoa, chokochoko, chokochoko.

Na huku nyuma ya jiwe? Siajabu anaona kwa macho yake. Mikono inatoka mlango wa nyuma. Mkono wa kwanza ukafungua mkoba. Mkono wa pili ukatoa pweza. Mkono wa tatu ukaokota jiwe. Mkono wa nne ukatia. Na mikono minne iliyobaki? Iko ndani, inapepea watoto.

Kwenye jiwe la kichwa cha ng'ombe Ngwali hakupata kitu ila mchanga wa macho. Akapanda kuvuta pumzi. Akaishika kamba ya boya, akaivuta kidogo kuupima mkoba. Mzito! Mzito kuliko alivyouacha.

"Siajabu!" akaita. "Kuna mtu anachezea mkoba wangu?"

Siajabu akafikiri. Uongo hakuzoea. "Sijaona mtu," akasema.

"Basi pweza wanaingia wenyewe," Ngwali akasema, na akaamini. "Wamesikia jina langu." Chubwi!

"Pweza, toka! Kakako hayupo."

"Hayupo? Atakuwa amekwenda kwa mjomba. Mchukue huyo mjomba basi. Yuko kule kwenye ufa, penye majani marefu. Yule anajaza sufuria ya harusi."

Ngwali akawaza: chungu na sufuria ya harusi, kipi kikubwa? Akageuka, akaenda kwenye ufa. Chokochoko, chokochoko.

Na huku nyuma ya jiwe? Mkono wa kwanza ukafungua. Mkono wa pili ukatoa. Mkono wa tatu ukaokota. Mkono wa nne ukatia. Kacha! Kacha! Kacha! Pweza waliotolewa walitambaa wakaingia mianyani, wakageuka rangi ya mwamba, huwaoni tena. Siajabu alikuwa anacheka, na kucheka ndani ya maji ni hatari. Akanywa maji mafunda mawili na hakujali.

Ngwali akapanda, akapima kamba. Mkoba umekuwa mzito maradufu! Mtu mwingine angesema alhamdulillahi, akaenda zake nyumbani. Ngwali akasema, "Bado kidogo." Chubwi!

"Pweza, toka! Mjomba hayupo."

"Bwana Ngwali, sasa unanitia majaribuni. Amebaki babu tu."

"Babu ana ukubwa gani?"

"Babu? Kichwa chake pipa. Mikono yake nguzo. Anakaa kwenye pango lile jeusi. Lakini nakuomba usiende. Babu ni mkali. Watu wenye vifua vidogo huwa..."

"Vifua vidogo!" Ngwali akasema. Akaenda.

Mkono wa kwanza?

— Ukafungua!

Wa pili?

— Ukatoa!

Wa tatu?

— Ukaokota!

Wa nne?

— Ukatia!

Hayo hayo. Ngwali akafika kwenye pango jeusi, akachomeka mchokoo mpaka kwapani. Chokochoko, chokochoko. Ndani hamkuwa na babu wa pweza. Ndani alikuwa Mkunga, yule nyoka wa mwambani mwenye meno ya mbele na meno ya kooni, na alikuwa ndiyo kwanza amepata usingizi.

Ng'wa! Mkunga akaung'ata mchokoo. Ngwali akavuta, Mkunga akavuta. Ngwali akavuta, Mkunga akavuta. Ngwali akauachia mchokoo, akageuka kukimbia. Ng'wa! Mkunga akaing'ata kaptura. Pyaaa! Kipande kikabaki kwa Mkunga, kipande kikaenda na Ngwali.

Akaja mbio kuukamata mkoba wake. Pweza akatoa kichwa mlangoni, akamtazama, akasema, "Msalimie mkeo," kisha fyuuu! Wino ukatanda, maji yakawa meusi tii. Ngwali akaupapasa mkoba, akaikamata kamba, akapanda juu akihema kama mfua chuma.

Lakini mkoba! Mkoba haukuinuka. Ngwali akavuta mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Akaukokota mchangani, kwaruu, kwaruu, kwaruu, kutoka mwambani mpaka maji ya magoti, kutoka maji ya magoti mpaka ufukweni. Nyuma yake Siajabu anaogelea polepole. Alitaka kuona mwisho wake.

Na kadiri mkoba ulivyokuwa mzito, ndivyo Ngwali alivyosahau kaptura yake, na mchokoo wake, na Mkunga. Alipofika ufukweni akapiga kelele, "Njooni! Njooni muone mwanamume!"

Watu wakaja. Na wa mbele yao alikuwa Bi Mize, mwangalizi wa mwamba. Sijawaambia: Bi Mize huyo ndiye aliyemzaa mke wa Ngwali. Kumbe Ngwali amemwita mama mkwe wake mwenyewe.

Bi Mize akasimama. Akaangalia mahali pengine, kwa sababu ya ile kaptura. Akasema, "Baba, unatoka wapi?"

Ngwali furaha ikamkauka. Akashika kaptura kwa mkono mmoja. "Natoka hapa hapa, mama."

"Hapa hapa Fungu Refu?"

"Pembeni pembeni, mama."

"Na mkobani una nini, baba? Maana mwamba umefungwa, na aliyeuvunja, tulikubaliana, haingii tena baharini mpaka mwaka uishe. Awe mgeni, awe mwanangu, awe mkwe wangu." Akasema hivyo, na sauti ikamtetemeka, kwa sababu binti yake alikuwa na mimba ya miezi saba, na Ngwali ndiye aliyekuwa akilisha nyumba. "Fungua, baba."

Watu wakasogea.  Ngwali akaushika mkoba, akaufungua, akafumba macho, akaumwaga.

Gololo! Gololo! Gololo!

Mawe. Mawe matupu. Jiwe la mviringo, jiwe la bapa, jiwe lenye tundu, jiwe kubwa, jiwe dogo. Na juu ya yote kaa mmoja, akashuka, akaenda zake upande.

Ngwali akafumbua jicho moja. Akaona mawe. Akafumbua la pili. Mawe yale yale. Watu wakaanza kuguna. Akatazama huku, akatazama huku, kichwa kinamzunguka, mdomo ukatangulia mbele ya akili.

"Mama," akasema, "mawe haya nimekuletea wewe. Nimeona jiko lako halina ukuta, mvua inapiga mafiga. Nikasema, mama yangu huyu nitamjengea jiko la mawe."

Wote wakageuka kumtazama Siajabu, kwani alikuwa amesimama hapo amelowana, na anajulikana kwa kutojua uongo.

"Siajabu," Bi Mize akasema, "wewe ulikuwepo. Ngwali katoka na pweza mwambani?"

"Hakutoka na pweza hata mmoja," Siajabu akasema. Lilikuwa neno la kweli, lakini halikukaa kooni kama kweli nyingine.

Bi Mize akayatazama mawe. Akaitazama kaptura, mara moja tu. Akamtazama Siajabu, kwa muda mrefu. Alikuwa mama wa makamo na kichwani alikuwa amejaa. Akapiga kigelegele, lilililililii! mpaka kuku wa kijiji kizima wakakimbia.

"Sikieni enyi watu wa Mkiani! Mkwe wangu ananijengea jiko! La mawe! Nyote ni mashahidi!" Kisha akamgeukia Ngwali kwa upole. "Lakini mwanangu, mawe ya baharini yana chumvi, ukuta hautadumu. Haya yarudishe mwambani, moja moja, ulikoyatoa. Ya kujengea utaleta kutoka bondeni kule nyuma ya mashamba. Unaanza kesho?"

Ngwali angesema nini? Ameshasema mbele ya watu.

"Kesho, mama," akasema.

Jioni ile ile akayarudisha mawe ya baharini, na kesho yake akaanza ujenzi. Asubuhi anakwenda bondeni, jioni anarudi na jiwe begani. Jiko likakua. Ukuta wa kwanza ulipokwisha, Bi Mize akakumbuka kwamba kila jiko lina stoo. Stoo ilipokwisha, akakumbuka kibaraza cha kukunia nazi. Kifua kile cha kuzamia kikawa kifua cha kubebea, na mwamba wa Fungu Refu haukumwona tena mpaka bamvua tatu zikapita.

Siajabu aliendelea kwenda kutazama. Somo yake akazidi kukonda, ngozi ikafifia, lakini mikono haikuacha kupepea. Asubuhi moja alipofika, vile vishada vilikuwa vinapasuka. Watoto walitoka mmoja mmoja, kila mmoja kama chembe ya mchele yenye macho, na kila mmoja, kabla hajaenda, aligeuka rangi mara moja: mweupe, mwekundu, mweupe. Walikuwa wengi, wakamzunguka Siajabu usoni, wakagongagonga kioo cha miwani, kisha mkondo ukawachukua.

"Wanakwenda wapi?" Siajabu akauliza.

"Sijui," pweza akasema. "Sijawahi kuwauliza. Uliza wewe, ndiyo kazi yako." Akauzungusha mkono kwenye kidole cha Siajabu. "Leo pilipili," akasema.

Kesho yake shimo lilikuwa tupu, mlango wazi. Siajabu akakaa pale mpaka pumzi zikamwishia, akapanda, akarudi tena, akakaa tena.

Siku mwamba ulipofunguliwa, watu wa Mkiani walivua pweza wa kujaza sufuria za harusi. Ngwali alitua jiwe lake la mwisho, akajifuta jasho, akamkuta Siajabu anapita.

"Dada Siajabu," akasema kwa sauti ya chini, "naomba kukuuliza. Pweza ana mikono mingapi?"

"Minane."

Ngwali, ambaye kila alipobeba jiwe aliwaza yale ya mkobani yaliingiaje, akatazama vidole vyake. Akakunja cha kwanza: wa kufungua. Akakunja cha pili: wa kutoa. Akakunja cha tatu: wa kuokota. Akakunja cha nne: wa kutia. Mshangao ukamjaa usoni, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akawa na swali la pili.

"Na ile minne mingine?" akauliza. "Ilikuwa inafanya nini?"

"Kaa chini," Siajabu akasema, "nikuhadithie."

Basi, funzo la hadithi hii mnalijua tangu zamani. Wakubwa wametuambia pweza ni mjinga, kazi yake kujipalia makaa. Na wakubwa hawakosei. Kwa hivyo mkiona mtu ametwishwa mawe ya jiko zima, stoo na kibaraza, kwa kauli yake mwenyewe, mbele ya mama mkwe, jueni huyo ndiye mwenye akili. Na msiwe wadadisi. Udadisi haujamfaa mtu.

Hapo hadithi imegusa mchanga. Iliyo tamu mpelekeeni jirani. Iliyo chachu niachieni mimi, nitaitia nazi.